Reli ya Ngazi ya Shule

Mafundi wa kuchomelea vyuma wanaujua mchezo huu, ingawa hawauzungumzi mbele ya mteja. Badala ya kuchomelea ungio lote la chuma, unaligusa kwa moto sehemu mbili tu, unaziba mapengo kwa puti, unasugua, unapaka rangi. Mteja haoni kitu. Karakana ya mjomba wake Cheche iliishi kwa mchezo huo.

Cheche ni jina alilopewa na mafundi kwa kuwa msichana huyu hakukwepa cheche zilipomrukia. Tangu baba yake afariki, yeye na mama yake walikaa chumba cha nyuma kwa mjomba. Kwa hiyo alipoona puti mara ya kwanza, kwenye geti la muuza mbao, alimeza maneno. Geti lilipoanguka, bahati nzuri bila kumwumiza mtu, karakana nzima ilicheka. Cheche naye alicheka. Naliweka wazi hilo, maana tunapenda kuwasimulia vijana wema kana kwamba walizaliwa hivyo. Kicheko kile kilimsuta baadaye, nyumbani, bila mtu kumkaripia.

Kisha ikaja kazi ya reli ya ngazi ya shule ya chekechea, yenye madarasa ghorofani.

"Mjomba, hii ni ya watoto," alisema alipoliona kopo la puti.

"Na lile geti lilikuwa la mbuzi?" Mafundi wakaangua kicheko. "Paka rangi, mama. Watoto wenyewe wana uzito gani?"

"Wanaegemea, mjomba. Wanasukumana."

"Basi nenda kawafundishe adabu."

Alipaka rangi. Lakini reli ilipokwisha kufungwa na wenzake kuondoka, alimfuata mwalimu mkuu ofisini.

"Shikamoo, mwalimu. Ile reli haifai. Imeshikwa na puti."

Mwalimu mkuu alikuwa akipanga viti vya wageni. "Marahaba. Ufunguzi ni kesho, binti yangu. Tutaiangalia likizo."

Angeweza kuishia hapo. Alishasema, na wengi wetu tukishasema hunawa mikono tukaenda kula. Cheche alirudi kwenye ngazi, akachukua nyundo, akapiga ungio moja baada ya jingine. Puti ikabomoka kama ganda la yai. Kipande kizima cha reli kikaning'inia, kikaporomoka hadi uani.

Mjomba aliitwa, akafika anahema.

"Umenivua nguo, we mtoto! Mimi niliyekulisha!"

"Ndiyo, mjomba. Umenilisha."

Mjomba akamgeukia mwalimu mkuu, sauti ikalainika. "Mwalimu, niwie radhi. Ni kazi ya huyu mwanafunzi wangu. Nilimwamini mno."

Siku hiyohiyo mjomba aliifanya reli upya, safari hii ungio lote, moto mpaka mwisho. Ilikuwa kazi safi. Kumbe aliiweza siku zote. Kwenye sherehe ya ufunguzi alipigiwa makofi kwa uungwana wake. Karakana nyingine nazo zikasikia kwamba chuma alichochomelea Cheche hakishiki, na kila alikobisha hodi aliambiwa nafasi zimejaa.

Mjomba alitoa sharti moja: aombe radhi mbele ya mafundi, au ahame.

"Nenda, mwanangu," mama alimsihi. "Sema tu kwamba ni wewe uliyeichomelea vibaya."

"Si mimi, mama."

"Najua si wewe! Kuna aliyekuuliza kama ni wewe? Mimi nitakufuata wapi na umri huu?"

Hilo ndilo lililomuuma kuliko matusi ya mjomba. Hata hivyo hakwenda kuomba radhi. Alikusanya nguo zake kwenye mfuko, akasimama mlangoni pa jiko.

"Mama, naondoka."

Mama hakugeuka. Alikuwa anapakua chakula cha kaka yake, naye kaka yake hapendi kula kilichopoa.