Mafuta ya Karafuu Chini ya Macho

Leo dukani Kikwajuni mtu kafungua kichupa cha mafuta ya karafuu, nami nikatoka nje.

Wazazi wetu walipofariki niliacha skuli, nikapika vitumbua ili mdogo wangu asome. Alasiri moja, kesho yake ana mtihani, nilimkuta kafumba macho mbele ya kitabu kinene cha bayolojia.

"Unalala, we mvivu?" Nikampaka mafuta yale chini ya macho, kumtoa usingizi.

Akapiga ukelele. "Dada, silali! Nnahifadhi, kama chuoni!"

Na mimi chuoni nilihifadhi juzuu nzima ya Kurani kwa kufumba macho.

Asubuhi aliingia kwenye mtihani macho yamevimba, haoni mistari. Akafeli. Nilipomuomba radhi alinambia, "Ulikuwa umechoka, dada."

Afadhali angenitukana.