Mabaka Alimwegemea Baba

Juzi nilipita karibu na josho, na harufu ya dawa ya kupe ikanirudisha kwenye mkeka wetu, alasiri ile Baba aliporudi kutoka kuogesha ng'ombe akiwa ameshika ubavu.

"Shikamoo Baba. Umefanyaje?"

"Marahaba mwanangu. Mabaka ameniegemea kidogo tu kwenye nguzo za josho."

Nilimwonea wivu yule ng'ombe, nikidhani ameonyesha mapenzi. Basi nami nikamwegemea Baba ubavu uleule, kwa uzito wangu wote. Mama, aliyekuwa akipasha samli ya kumkanda, akaniambia nitoke.

"Mwache," Baba akasema polepole, jasho likimtiririka.

Akanizungushia mkono, nikasinzia palepale. Mbavu mbili zilikuwa zimevunjika. Nimekuja kuambiwa ukubwani, Baba hayupo tena.