Bolti ya Mashine ya Yaya

Karakana imenifanya mtu wa kushuku. Kila anayeniletea chuma kilichovunjika huanza kwa kujitetea kabla sijamuuliza lolote. Kwa hiyo yaya, dada yangu mkubwa, alipoleta mashine yake ya kusaga mahindi kutoka upande wa Luano, sikuitazama mashine. Nilimtazama shemeji yake aliyekuja naye.

Yaya ni mjane. Mashine aliachiwa na mumewe, na mdogo wa marehemu ndiye anayeiendesha. Asubuhi hiyo kichwa cha bolti moja ya kifuniko kilikuwa kimetoka, mashine ikatetemeka mpaka ikamwaga unga wa watu chini. Kichwa chenyewe hakikuonekana. Yaya alikuwa na hakika kwamba shemeji yake ameikata ile bolti kusudi, mashine ionekane mbovu naye aichukue. Jumapili ukoo ungekutana, na yaya alikuwa amekusudia kumfukuza mbele ya wote.

Shemeji aliniambia nisipoteze muda, nitoboe tu. Hapo nikazidi kumshuku, kwa sababu keekee hula kila alama. Nikachukua brashi ya waya nikasugua kisiki cha bolti. Chini ya unga ulioganda ikaonekana mistari ya msumeno, imenyooka kabisa.

“Unaona?” yaya akaniambia. “Huyu muntu iko mwizi.”

Mimi nilifurahi, maana moyoni nilikwisha kumhukumu. Nikaendelea kukwangua kwa ncha ya bisibisi, nikabandua kitu kigumu cha kijivu: mastiki, gundi ya chuma. Ilikuwa ya zamani, kutu imepenya mpaka chini yake. Mtu alikikata kichwa miaka mingi nyuma, akakibandika tena. Na yaya alikumbuka vizuri kwamba ni mumewe aliyemwambia wakati ule kwamba mashine imefungwa bolti mpya.

“Ulikuwa unajua?” akamwuliza shemeji yake.

“Nilijua. Kile kichwa ni miye nilitupa, usione mastiki.”

“Na ukaacha nikuite mwizi?”

“Shemeji, marehemu hawezi tena kujitetea. Miye niko hapa.”

Niliona haya. Nikarudi kwenye kazi. Nikachomea nati juu ya kisiki, nikakipasha moto mpaka kikawa chekundu, kikapoa kidogo, nikakigusisha mshumaa ili nta iingie ndani. Nikazungusha mbele kidogo, nyuma kidogo, bila kulazimisha, na bolti ikatoka. Yaya alingoja ipoe, akaifunga kwenye ncha ya kitenge chake.

Jumapili alisimama mbele ya ukoo, akasema bolti ilikatika kwa uzee na shemeji yake ataendelea na mashine. Mjomba mmoja hakuridhika. Akanigeukia mimi, fundi, akataka kujua kama ni kweli.

Nikasema ni kweli, ilikuwa imezeeka.