Mama Ashiru, Sindano ya Usingizi na Makopo Mawili

Nianze na kuanguka. Mwezi wa tano mwaka jana, Mwanasha Bwanali, mkulima wa korosho wa Chilangala, huku Newala, miaka sitini na saba, alisinzia akiwa amesimama. Mashine ya kupulizia salfa, dawa ya mikorosho, ilikuwa mgongoni, anaijaribu kabla ya msimu. Alishtuka yuko chini, goti linatoka damu, mashine inanguruma juu yake kama imemshinda mieleka.

Mwanawe Ashiru anauza vipuri vya pikipiki Masasi mjini. Habari zilimfikia siku hiyohiyo, jioni akawa kapanda huku juu kwa mama yake. Goti hakuliuliza.

"Mama, hii mashine naondoka nayo. Shamba tutamweka mtu."

"Utaondoka nayo ukishanizika."

"Unasinzia mchana, mama! Siku nyingine utaangukia kisiki."

"Nipe mpaka salfa ianze."

Salfa inaanza katikati ya Juni, mikorosho ikitoa maua, maana ugonjwa wa ubwiri unga ukiwahi maua, korosho huna. Ashiru akakubali kwa sharti moja: atarudi siku hiyo, na akimkuta bado anasinzia mchana, mashine inahama. Mama akasema sawa.

Msinielewe vibaya, Ashiru si mtoto mbaya. Ila hajui anachokigusa. Ile mikorosho mia na kumi mama yake aliipanda na marehemu mumewe, na tangu mume afe anaipuliza mwenyewe. Mwenye kupuliza ndiye mwenye shamba. Bila mashine, Mwanasha anakuwa bibi wa kuletewa sukari mwisho wa mwezi na kuulizwa anaendeleaje.

Tatizo lake ni usingizi. Analala mapema, ikifika saa nane ya usiku macho yako wazi kama mchana. Uzee unafanya hivyo, usingizi unakuwa mwepesi. Lakini yeye ana lake zaidi. Tangu ana miaka tisa alikuwa anaamka saa nane kushuka bondeni kuchota maji, kwa sababu huku juu maji hayakuwepo, na ukichelewa unakuta foleni imeshapinda mara mbili. Sasa bomba lipo karibu na nyumba. Ndoo imepumzika, mwili haujapewa taarifa.

Jirani yake Isabela ndiye aliyeleta habari ya sindano. "Ipo Masasi, inaitwa peptaidi. Mwenzangu, unalala kama mtoto aliyenyonya."

Peptaidi ni vipande vidogo vya protini. Mwili wenyewe unavitengeneza, vingine vinabeba ujumbe, na vingine vinahusika na mambo ya usingizi. Kwa hiyo watu wanavitengeneza kiwandani na kuviuza wakidai vitarudisha usingizi unaopotea na umri. Nimesoma nilichoweza kupata. Tafiti ni chache, watu waliojaribiwa ni wachache, majibu hayafanani. Huenda siku moja itakuwa dawa ya kweli. Leo hii, aliyekuhakikishia anakuuzia maneno.

Mwanasha hakusoma hayo. Alipanda gari kwenda Masasi.

Duka lipo jirani na stendi, limeandikwa afya na urembo. Muuzaji anaitwa Fortunatus, kijana mwenye koti jeupe.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Bibi wa nani? Mimi Mama Ashiru."

"Karibu Mama Ashiru. Hii ni sindano moja kila jioni, hapa tumboni chini ya ngozi, siku thelathini. Usingizi wa ujana unarudi wote."

"Ujanani sikulala. Nilikuwa nachota maji."

Fortunatus akacheka. Mwanasha hakucheka. Mnatakiwa mjue kitu kimoja. Miaka ya tisini, biashara ilipoachwa huria, kila mwenye duka akawa anauza salfa. Mwaka tisini na tano Mwanasha na mumewe walinunua mifuko minne, wakapewa mmoja bure. Ilikuwa chokaa imetiwa salfa kidogo ya kupaka rangi. Maua yote yalikauka. Tangu hapo, hapulizi kitu bila kukijaribu.

"Salfa nikiinunua naichoma kwenye kijiko," akamwambia Fortunatus. "Moto ukiwa wa bluu na moshi ukinikaba koo, najua ni yenyewe. Hii nitachoma nini?"

"Haichomwi, mama. Hii ni sayansi."

"Na salfa ni nini? Uchawi? Mnaiweka wapi?"

"Kwenye friji, lazima iwe baridi." Akafungua. Ndani kuna soda, maji, na vichupa vitano. Taa ya friji haikuwaka.

"Umeme umekatika lini?"

"Jana. Utarudi saa hizi hizi."

"Mmewachoma wazee wangapi?"

"Wengi tu."

"Na wangapi hamkuwachoma?"

"Kivipi tena, mama?"

"Mimi kila mwaka naacha mikorosho miwili sipulizi. Ndiyo inaniambia kama salfa ilifanya kazi au ni mvua tu imeniheshimu. Ninyi miwili yenu iko wapi?"

Fortunatus akakuna kichwa. "Mama, wewe ulikuwa mwalimu?"

"Mkulima."

"Basi fanya hivi, ya kwanza nakuchoma bure."

Hapo ndipo alipoharibu. Mwanasha akafunga khanga vizuri. "Bure naijua, mwanangu. Ilikuja na mifuko minne."

Hakurudi nyumbani kulia. Kesho yake alikwenda Newala mjini kwa Theodora, nesi mstaafu aliyewahi kumzalisha. Theodora alimpima presha, akamtoboa kidole kuangalia sukari, akaona viko sawa. Kisha akaanza maswali.

"Ukishaswali adhuhuri unafanya nini?"

"Najinyoosha kidogo."

"Mpaka saa ngapi?"

"Alasiri."

"Kidogo hiyo? Na chai ya rangi?"

"Ya mwisho saa mbili, napandia nayo kitandani."

"Mama Ashiru, unalala mchana, unakunywa chai usiku, halafu unakuja kuishtaki saa nane kwangu!"

Akampa masharti. Kitandani saa nne, si kabla. Kujinyoosha mchana hakuna. Chai inaisha mchana. Akiamka saa nane na usingizi haurudi, atoke kitandani, akae, usingizi ukija ndipo arudi. Alfajiri anaamka muda uleule, hata kama alilala vibaya. Mashine asiiguse kwanza.

"Na usihesabu saa za usiku, utajitia wazimu," Theodora akasema. "Shida yako ni kuanguka. Hesabu mchana."

Mwanasha akatafuta makopo mawili. Siku akisinzia mchana, korosho moja kwenye kopo la maziwa. Asiposinzia, moja kwenye kopo la kahawa. Hakuna kingine.

Wiki ya kwanza ilikuwa mateso. Mchana alikuwa anatembea kuzunguka nyumba ili asikae. Isabela akawa anamcheka kwenye ua: "Ungechomwa tu, saa hizi ungekuwa unakoroma!" Kopo la maziwa linajaa, la kahawa tupu. Siku ya tisa alilirusha kopo la maziwa ukutani. Kisha akainama, akaziokota zote tisa, akazirudisha humohumo.

Siku ya kumi na mbili akaweka moja kwenye la kahawa. Kesho yake ikaenda tena kwenye maziwa. Halafu kahawa, kahawa, kahawa.

Ashiru alifika kama alivyoahidi, na kamba ya kufungia mashine. Mama yake akamwekea makopo mbele. La maziwa kumi na mbili. La kahawa nane, na saba za mwisho zimefuatana.

"Umejaza mwenyewe, mama."

"Basi kaa unilinde. Mpaka magharibi."

Ashiru akakaa. Mama alifagia, akachota maji, akapika ugali wa muhogo na kisamvu. Wakala. Mama akaanza kubangua korosho, macho yake makavu. Jua likakaza. Ashiru, aliyeamka usiku kuwahi barabara, akajiegesha mkekani kidogo tu. Baadaye akalala kabisa, mdomo wazi.

Alipoamka alikuta korosho moja imewekwa kifuani pake.

"Hiyo ya kopo la maziwa," mama yake akasema. "Haya, mashine anaichukua nani?"

Ashiru aliikunja kamba akaiweka mfukoni, akaenda kuangalia oili ya mashine.

Saa nane bado inamwamsha siku nyingine, msidhani imekwisha. Anatoka, anakaa, anarudi. Siku iliyofuata ile ya makopo, kulipopambazuka, umande bado kwenye maua na upepo haujaamka, Mwanasha alijifunga kitambaa puani. Ashiru alibeba mfuko wa salfa nyuma yake. Hilo aliliomba mwenyewe, na mama akamkubalia. Kijiko kilishachomwa, moto ulikuwa wa bluu. Mama akamwonyesha mikorosho miwili ya kuacha. Kisha akavuta kamba ya mashine mara mbili, ikakataa. Ya tatu ikawaka.