Fusae na Gari Linalojua Kushuka

Nitakalowaeleza hapa hamtaliamini, na sitamlaumu mtu. Nilikuwepo mwenyewe, tena ndani ya gari, tena nimebanwa, na bado nikisimulia kwenye vilabu vya Otaru, mji wetu wa bandari na theluji kaskazini mwa Japani, watu hunisogezea chupa mbali. Basi someni tu. Yangu kusema, yenu kutikisa vichwa.

Habari yenyewe ni ya dada yangu mdogo, Fusae. Ukipishana naye njiani hutageuka: mwanamke mfupi, mabega ya kubebea, mashavu yaliyopigwa na baridi mpaka wekundu ukahamia humo moja kwa moja. Anafinyanga mikate ya samaki kwenye kiwanda karibu na bandari, na vidole vyake hunuka samaki hata siku ya mwaka mpya. Ana watoto wawili. Ana mume, Noriyuki, mpole kupita kiasi, nikimwambia leo Jumanne, naye anajua kabisa ni Ijumaa, atajibu tu, "Ndiyo, shemeji." Halafu yuko mama wa Noriyuki, Bibi Masu, mwembamba kama kijiti cha kulia wali, na ulimi wa kukatia kuni.

Wanakaa juu mlimani, mwisho wa kichochoro kinachotokea kwenye Mteremko wa Magoti. Mteremko ulipewa jina hilo kwa heshima: barafu ikishika, usiposhuka kwa magoti utashuka kwa makalio. Fusae ameupanda na kuushuka tangu alipoolewa, kwa hatua fupi za bata, na akiwa jikoni anaosha vyombo hutazama dirishani magari ya watu yakija kuaibika. Wengine wana televisheni. Yeye ana mteremko.

Sasa, figo za Bibi Masu zilichoka. Ikabidi mara tatu kwa wiki apelekwe hospitali ya chini kusafishwa damu. Gari la hospitali halipandi kwetu wakati wa theluji. Dereva anasema naye ana watu wake wanaomsubiri nyumbani. Gari la Noriyuki lilikuwa limekata roho kiangazi. Na huko Chitose, kwenye nchi tambarare kama sinia, yuko binti wa Bibi aitwaye Yoshino, ambaye alipiga simu na kutamka hukumu: "Mama akikosa matibabu hata siku moja, nakuja kumchukua. Na harudi huko."

Bibi alisikia, maana Yoshino akiongea simu haina kazi.

"Chitose?" akasema. "Nikafanye nini? Kule hata ukiangusha kiazi hakibingiriki. Mapipa yangu ya samaki na kabichi za kuloweka nimwachie nani? Mnichagulie gari, au mnichimbie kaburi hapa hapa, lenye mandhari."

Basi wakaniita mimi. Wangemwita nani? Shule niliiacha kabla haijaniacha, lakini nimeendesha malori ya samaki pwani yote ya kaskazini. Barafu na mimi tunaitana kwa majina. Nikawapeleka kwa rafiki yangu Dobashi, muuza magari yaliyotumika, na nikawaonyesha mnyama: fowili nyeusi, ile ya kuvutwa na magurudumu yote manne, ndefu, pana, magurudumu yanakufika kiunoni, na mbele limewekewa vyuma vya kuzuia kulungu.

"Hili, mama," Dobashi akamwambia Fusae, "linapanda ukuta."

"Kupanda hata paka anapanda," Fusae akasema. "Ni kushuka ndiko anakoitia zimamoto. Linashukaje?"

Dobashi akanitazama. Mimi nikatazama dari.

"Likisimamishwa katikati ya mteremko linasimama, au linaendelea na safari zake?"

"Dada yangu," nikasema, "gari la ukubwa huu huliulizi maswali kama mchumba!"

"Mchumba sikumuuliza. Ndiyo maana nauliza gari."

Noriyuki akakohoa.

Pembeni palikuwa na vigari vidogo vya namba za njano, ambazo kwetu hupewa magari madogo kabisa, vya milango ya kuteleza, vile vya wakulima na wauza mboga. Fusae akavikodolea macho. Nikamshika bega. "Usiniaibishe. Kile ni kisanduku cha chakula kilichofungiwa magurudumu. Utampakia Bibi kama yai la kuchemsha?"

"Na kichochoro chetu, kaka? Hilo dude litapita?"

"Nimepima!" nikasema, na ni kweli, nilikuwa nimepima, kwa utepe wa fundi, kutoka uzio mpaka uzio. "Linapita, na kila upande panabaki nafasi ya paka mnene."

Mimi nikisema nimepima, mtu ananyamaza. Dobashi akakubali tuliazime theluji ikishakaa, ndipo tuamue.

Desemba ikaja kwa upole na teksi zikapanda. Halafu ikaja ile wiki ambayo mbingu ilisahau kufunga mlango. Teksi zikakataa moja baada ya nyingine, na asubuhi ya zamu ya Bibi nikatokea chini ya mteremko na mnyama wangu. Semeni mtakavyosema, lilipanda! Nilipita kwa majirani wameshika mabeleshi, nikawapungia kama ninagombea udiwani. Nikaingia kichochoroni, nikasikia kama mtu anakwaruza sufuria pande zote mbili, nikajiambia ni upepo.

Bibi Masu akasimama mbele ya mlango wa gari, akatazama ngazi yake iliyokuwa usawa wa tumbo lake.

"Hili ni gari au ni dari?"

"Panda, Bibi, ni la kifalme."

"Wafalme walikuwa na punda," akasema, huku Noriyuki anamnyanyua kama gunia la viazi, kwa adabu zote. Fusae akaingia naye nyuma. Nikaweka gia ya kurudi nyuma. Gari likarudi kidogo, likapinda kidogo, halafu likakwama. Nikakanyaga mafuta. Likanguruma, likatetemeka, lisiende mbele wala nyuma. Nikasukuma mlango wangu: ukuta wa theluji. Wa upande wa pili: ukuta wa theluji.

Majirani wakaja kukagua, na Mama Sawaguchi wa nyumba ya tatu, anayejua kucheka kuliko wote, akainamia kioo.

"Iwao, hukupima?"

"Nilipima!" nikapaza sauti kupitia ufa wa dirisha.

Fusae akaniuliza kutoka nyuma, taratibu kabisa, "Kaka. Ulipima mwezi gani?"

"Septemba."

Jamani. Sijawahi kusikia kichochoro kizima kikicheka kwa pamoja. Mama Sawaguchi aliketi juu ya theluji. Mtu wa Otaru, mzaliwa, aliyechota theluji kabla hajaota meno ya pili, kapima njia Septemba! Kila mtoto huku anajua njia ina vipimo viwili, cha nyasi na cha beleshi, na cha beleshi ni nusu ya cha nyasi, kwa sababu theluji unayoisukuma pembeni haiendi kwa shangazi yake, inabaki pale pale na kugeuka ukuta.

"Chekeni," Fusae akawaambia, "lakini chekeni mkichimba. Bibi anatakiwa hospitali, na Yoshino tayari ameshafunga mizigo moyoni."

Hapo kicheko kikakatika, kwa sababu Bibi Masu ndiye aliyewafundisha wote hapo kuloweka kabichi, na hakuna aliyetaka kumwona akipelekwa kwenye lile sinia la Chitose.

Ndipo kikatokea mdomoni mwa kichochoro kigari cheupe cha namba za njano: Sekiguchi wa maziwa, anazungusha chupa zake. Fusae alifungua mlango wa nyuma kabisa wa gari langu, akampigia kelele.

"Sekiguchi! Rudi kinyumenyume mpaka hapa!"

"Nina maziwa, dada!"

"Na mimi nina mama!"

Kikaja kinyumenyume, kati ya kuta zile zile, bila kugusa hata upande mmoja. Bibi akatolewa kwa nyuma kama mkate kwenye tanuri, akatembea hatua zake mwenyewe, akaingia mlango wa kuteleza bila kunyanyua goti. Mimi nikakaa juu ya kreti ya maziwa. Noriyuki akabaki na beleshi. "Ndiyo, shemeji," alisema, wala sikuwa nimesema neno.

Katikati ya Mteremko wa Magoti, palipo na barafu tupu kama kioo, Fusae akamwambia Sekiguchi, "Simama hapa."

"Hapa? Una akili? Bibi yumo ndani!"

"Simama," Bibi akasema. "Na mimi nataka kuona."

Sekiguchi akashusha gia, akagusa breki kama anagusa chai ya moto. Kigari kikateleza urefu wa kiatu. Kikasimama. Chupa zikagongana kidogo, basi.

"Kinanuka maziwa," Bibi akaamua, "lakini kina adabu."

Tukafika hospitali sindano haijaanza kumngoja. Yoshino alipopiga simu akaambiwa mama yako amelala, amesharudi kutoka kutibiwa. Akakata simu yeye wa kwanza, jambo ambalo pia hamtaliamini. Wiki ile ile Fusae akachukua kwa Dobashi kigari kama kile, rangi ya mtindi, na Bibi Masu yuko juu mlimani mpaka leo, anamtukana kila mtu.

Na msidhani mimi nilibaki mtazamaji. Ile siku ya barafu mbaya kuliko zote, Fusae akiwa kazini, nani alimshusha Bibi? Mimi! Mkono mmoja kwenye usukani, kigari kinateleza kiupande upande, na mkono wa pili namenyea Bibi chenza, kipande baada ya kipande, bila kudondosha hata ko—

"Chenza gani, kaka?" Fusae huyu hapa, anasoma juu ya bega langu, birika mkononi. "Bibi alikatazwa machenza na daktari tangu figo zianze. Na siku hiyo niliendesha mimi. Wewe ulikuwa nyuma, umefumba macho, umemshika Bibi mkono, na yeye ndiye aliyekuwa anakubembeleza."