Anayekimbia Asifuatwe

Siku hizi mji wetu wa Kindu una vijana wanaokimbia asubuhi. Wanateremka kutoka uwanja wa ndege hadi mtoni, wana filimbi na jezi zinazofanana, na mama wauza mikate hawainui hata macho. Huwa nawatazama kwa wivu kidogo. Wakati wangu, mtu mmoja akikimbia peke yake aliweza kuumwaga mtaa mzima barabarani, na mtu huyo nilikuwa mimi.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu Kinshasa, nimerudi nyumbani na diploma ambayo hakuna ofisi iliyoihitaji. Kule chuoni, rafiki niliyeishi naye chumba kimoja alinifundisha kukimbia, mwanzo kwa mzaha, baadaye kwa bidii, hata tukajiandikisha kwa zile mbio ndefu za jiji, kilomita arobaini na mbili. Ilikuwa imebaki miezi michache kabla ya mbio. Ilinibidi nijizoeze nikiwa Kindu, nami nikadhani nahitaji viatu na miguu tu.

Asubuhi ya kwanza nilitoka nyumbani kwetu, mtaa wa Kasuku, kabla jua halijachomoza. Karibu na soko nikawapita wanawake waliobeba mabeseni ya mihogo. Mara nikasikia vishindo nyuma yangu. Nikafurahi, nikadhani wananitania, na nikaongeza mwendo ili nao waongeze. Nilipogeuka kwenye mzunguko wa barabara nikaona kundi zima: wanawake wasio na mizigo tena, mwanamume mwenye kiatu kimoja, mtu wa pikipiki amempakia mkewe pamoja na godoro. Hakuna aliyekuwa akicheka.

"Wako wapi?" mwanamke mmoja akaniuliza huku akihema.

"Nani, mama?"

"Wale unawakimbia."

Nikamwambia nafanya mazoezi. Akarudi kuokota mihogo yake kwenye vumbi bila kunitukana. Afadhali angenitukana.

Nikiwasimulia wageni kisa hiki hucheka. Aliyekuwa Kindu miaka ya vita hacheki. Wakati ule mji ulifungwa pande zote: treni haiji, mashamba hayafikiki, na aliyetoka kwenda kuchuma sombe, majani ya mihogo, huenda asirudi. Watu walijifunza kwamba ukimwona mtu anakimbia, kimbia kwanza, utauliza mbele ya safari. Vita viliisha, lakini hakuna aliyepita nyumba kwa nyumba kuwaambia watu waache.

Sisi pia tulikimbia. Nilikuwa mdogo mno, sikumbuki chochote. Najua tu kwamba tulitoka tukifuata reli, mama, kaka yangu na mimi, baba alikuwa ameshafariki, na kwamba tuliporudi tulikuwa wawili. Kaka hana kaburi. Mama hakuwahi kunisimulia ilivyokuwa, nami sikuthubutu kumwuliza, kwa sababu hata picha ya kaka ya shule ilikuwa imewekwa mahali nisipopajua.

Jioni ya siku ile ya kwanza, mkuu wa avenyu yetu, yaani barabara yetu ya mtaani, mtu wa kupenda sana utaratibu, akaja nyumbani na malalamiko ya soko.

"Mutoto yangu, unakimbia nini?"

"Sikimbii kitu, papa. Njo spoti tu."

"Spoti njo ile ya mupira. Wewe unakimbia bila mupira. Watu watajua namna gani?"

Akaamua itangazwe. Ijumaa ikatangazwa msikitini, Jumapili kanisani baada ya misa: kila asubuhi atapita msichana anakimbia, haiko vita, asifuatwe. Kanisa likaangua kicheko. Nami nilikuwa nacheka, mpaka nilipomwona mama ameinuka, amekaza kikwembe chake kiunoni, anatoka nje peke yake.

Hakunikataza. Ningependa anikataze, tugombane, yaishe. Badala yake, kila nilipofunga viatu alihamisha kiti chake, akaipa barabara mgongo, akapepeta mchele wake wa kuuza. Nikirudi namkuta bado anapepeta mchele uleule, ambao ulishakuwa safi zamani. Nilimkasirikia. Nilikuwa nataka kitu kimoja tu duniani, mama anione nikikimbia na asiogope, na yeye hata kunitazama hakutaka. Siku ya kusafiri nilimuaga kwa heri, akaitikia akiwa jikoni, na nikaenda kupanda ndege bila kusindikizwa.

Kinshasa tulianza kukimbia alfajiri, watu wengi kuliko niliowahi kuwaona wakikimbia pamoja. Rafiki yangu alinipita mapema akapotea mbele. Kando ya barabara watu wamesimama wanatutazama, wengine wameketi na vinywaji vyao, wanatutania kwa Kilingala kwamba twende haraka chakula kinapoa. Nilikimbia kilomita nyingi nikiwaangalia wao tu. Hakuna aliyefunga mlango. Hakuna aliyemnyakua mtoto. Baada ya nusu ya safari nilianza kulia, na magoti yalikuwa yananiuma kweli, lakini sikulilia magoti.

Nilifika nikiwa miongoni mwa wa nyuma. Wakanivika medali, wakanipa maji, nikaketi kwenye ukingo wa barabara na kumpigia mama.

"Mama, nimefika."

"Uko muzima?"

"Niko muzima."

"Na wenzako?"

"Rafiki yangu alifika zamani."

"Siulizi wa mbele. Nani alibakia nyuma?"

Nikamwambia wako wengi, wako wanakuja, kila mutu anafika na nguvu yake.

"Na wewe umeketi?"

"Nimeketi, mama. Miguu imekufa."

"Simama. Rudia kule wanafikia, uwangoje. Wakiisha kufika wote, njo unipigie."

Ningeweza kumdanganya. Alikuwa mbali, na rafiki yangu alikuwa ananivuta mkono twende tukale. Lakini mama hakuwa ameniomba kitu tangu nirudi kutoka chuoni. Nikamwambia rafiki yangu atangulie, nikachechemea kurudi kwenye mstari wa mwisho.

Walikuja mmoja mmoja. Mwanamke ameshika viatu mkononi. Wanaume wawili wameshikana mabega. Baadaye ikawa unangoja sana kabla hujamwona mwingine. Muziki ukazimwa, wafanyakazi wakaanza kubomoa jukwaa, magari yakarudi barabarani, na mimi bado nimeegemea nguzo, jua linanichoma, najiona mjinga. Wa mwisho alikuwa mtu mzima mnene, anatembea tu, ameshika kiuno, na nyuma yake gari linalowaokota walioshindwa. Nilichungulia ndani. Nikamwuliza dereva kama kuna mtu aliyesalia njiani. Akasema hakuna, ameikagua barabara yote.

Nikapiga tena.

"Mama, wote wamefika."

"Wote?"

"Wote. Hata yule wa mwisho. Nilimuona."

Aliposema tena, alisema polepole sana.

"Kaka yako mguu ilikuwa inamuuma. Wewe nilikuwa nimekubeba ku mugongo. Watu walikuwa wanatusukuma. Nikamuambia, wewe kuja polepole, nitakungoja ku daraja."

Nikasikia anavuta pumzi.

"Sikumungoja."

Nilibaki nimesimama pale na simu sikioni, nikamngoja alie mpaka amalize.