Kesi ya Steringi Katika Banda la Ihumwa

Jumanne asubuhi nilikuwa buchani, nabishana na muuzaji aliyekuwa ananipimia mifupa huku akiniita mzee wangu, simu ikaita. Alikuwa mama mkaanga chapati wa banda letu la Ihumwa. Hakunisalimia, naye si mtu wa kuacha salamu. "Mwenye banda ametuacha," alisema. "Presha ilimpanda, wamemfikisha hospitali amekwisha." Nilibaki nimeshika simu, muuzaji akadhani nimeikasirikia ile mifupa, akaongeza mnofu bila kuombwa. Niliondoka pale bila nyama wala mifupa. Ninyi mnaosoma safu hii mnamfahamu marehemu bila kujua. Kila nilipoandika habari za jirani yangu mbishi, mwanamke anayeweza kumkatisha mchungaji katikati ya mahubiri na kumwuliza swali, nilikuwa namsema yeye. Alijua, na alikuwa akilalamika kwamba namfanya aonekane mpole kuliko alivyo.

Banda lake lilikuwa la mabati, nyuma ya nyumba, upande unaoelekea reli. Upepo wetu wa Dodoma ukianza, ulisikia mabati kuliko televisheni. Hakutoza kiingilio, ulinunua chai na chapati, ukakaa kwenye benchi, ukaangalia sizoni, tamthilia hizi za mfululizo. Na sizoni zenyewe zilikuwa zile za polisi na wahalifu, zilizotiwa Kiswahili na vijana wanaomwekea mwigizaji maneno ambayo maskini wa Mungu hakuwahi kuyasema. Mpaka hapo banda lake halikuwa tofauti na mabanda mengine. Tofauti ilikuja kipindi kikiisha. Zamani mama huyu aliwahi kuitwa kuwa mzee wa baraza, wale raia wanaoketi na jaji kwenye kesi za mauaji na kuombwa maoni yao kabla ya hukumu. Kazi ile iliisha, lakini haikumtoka mwilini. Kipindi kikiisha, alizima televisheni, akaugeukia umati kama mtu anayefungua kikao, na hakuna aliyetoka. Kila aliyetaka kumsema mhusika ilibidi asimame, na ilibidi aanze na maneno haya: "Mimi ningekuwa yeye." Ukikaa umenyamaza hakukulazimisha. Lakini ukisema "yule ni mshenzi" ukiwa umekaa, alikunyang'anya kikombe.

Msidhani hili ni jambo dogo. Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tulifundishwa kwamba dunia ina watu wawili, steringi na adui. Steringi hafi, adui lazima afe, na ukichelewa kuingia unamwuliza wa pembeni, "Steringi nani?" ukishaonyeshwa unatulia. Sizoni za siku hizi zimetuharibia utaratibu huo. Steringi anapokea rushwa, adui anauguza mama yake, na watazamaji wanabaki wanapigiana kelele. Wapo wasomaji walioniandikia kwa hasira kwamba michezo ya namna hii inawafundisha vijana kuwapenda wahalifu. Niliwahi kumsomea marehemu ujumbe mmoja wa aina hiyo. Alicheka mpaka akakohoa, akasema, "Mwambie huyo aje Jumapili. Kumpenda mtu na kumwachia huru ni kesi mbili."

Sasa niwapeleke kwenye Jumapili ambayo hadi leo sijaisahau. Tulikuwa katikati ya sizoni ya inspekta mmoja wa polisi, mtu safi, mcha Mungu, ambaye mdogo wake amemgonga mtu kwa gari na kukimbia. Inspekta anaujua ukweli. Anaufuta ushahidi mmoja baada ya mwingine, na wakati huo kuna kijana asiye na hatia anasota ndani kwa kosa hilo. Banda lilikuwa limegawanyika vibaya. Aliyemtetea inspekta kwa nguvu kuliko wote alikuwa fundi magari, kijana wa Kondoa mwenye gereji ndogo barabarani, mtaratibu, asiyekosa kumwamkia mtu. Kwa wiki kadhaa alikuwa anasimama kila Jumapili. "Mimi ningekuwa yeye, ningefanya hivyo hivyo. Mdogo wako ni mdogo wako. Serikali ina watu wengi, yeye ana wewe peke yako." Alisema vizuri, watu wakampigia makofi.

Lakini mjue pia kilichokuwa kinaendelea nje ya televisheni. Mwezi ule, kwenye barabara ya kwetu, muuza zabibu mmoja aligongwa jioni na gari ambalo halikusimama. Aliyemwokota alikuwa kijana wa bodaboda. Alimpakia, akamkimbiza hospitali, mgonjwa akafariki njiani. Pikipiki ilikuwa na damu, kijana hakuwa na leseni, mashahidi hawakuwepo. Akawekwa ndani yeye. Na kijana huyo ni mtoto wa nani? Ni mtoto wa yule mama mkaanga chapati. Mama huyo alikuwa anakaanga pale pale mlangoni mwa banda, akiangalia sizoni ya kijana aliyefungwa bila kosa, na wake yuko mahabusu. Sote tulijua. Tulikuwa tunakwepa kumtazama. Siku moja nilimwomba mwenye banda abadilishe ile sizoni, akanijibu kwamba ameshamwuliza mama wa kijana mwenyewe, naye amesema iachwe.

Jumapili hiyo kipindi kiliisha inspekta akiwa ameshika kipande cha mwisho cha ushahidi, taa ya gari iliyovunjika, na kando yake jiko la mkaa linawaka. Anatupa au hatupi? Hapo hapo mwenye banda akazima. Watu wakapiga kelele. Fundi alikuwa wa kwanza kuinua mkono, lakini mwenye banda akasema kuna aliyemtangulia, akaelekeza kidole mlangoni. Mama mkaanga chapati alikuwa amesimama, kijiko cha kugeuzia mkononi. Tangu tumjue hakuwahi kutoa maoni hata mara moja. Nikasikia mafuta yanachemka.

"Mimi ningekuwa yeye," alisema, "ningeitupa." Tulitazamana. Akaendelea polepole, kwa lafudhi yake ya Kigogo, kama mtu anayechagua mchele. "Ningeitupa motoni. Mie nawaelewa wanaoficha ndugu. Wangu angekuwa amegonga mtu, ningemfungia stoo, ningemlisha kwa kificho. Simlaumu yule inspekta. Ila ningemwomba kitu kimoja tu. Aende akamtazame mama wa yule kijana. Asiseme kitu. Amtazame tu, halafu arudi akale."

Akageuza chapati yake. Ilikuwa imeungua.

"Haya, fundi," mwenye banda akasema. "Zamu yako."

Fundi alisimama. "Mimi ningekuwa yeye," alianza, akaishia hapo. Tulidhani anatafuta neno. Akarudia, "Mimi ningekuwa yeye," na macho yake hayakuwa kwa mwenye banda tena, yalikuwa mlangoni. Kijana mmoja akacheka, akadhani ni maigizo. Hakuna aliyemfuata. Nilikumbuka kwamba wiki ile ya ajali fundi alifunga gereji siku nzima, na alipofungua kulikuwa na harufu ya rangi mbichi. Nilitazama kulia na kushoto, nikaona sikuwa peke yangu niliyekumbuka. Wanaume wawili wa benchi la mbele walikuwa wameshageuka. Mnajua wenyewe jinsi mtaa unavyoweza kufanya hukumu kwa mawe na tairi kabla polisi hawajavaa viatu. Mwenye banda aliliona hilo kabla yetu sote. Akapiga meza. "Kikao kimeahirishwa. Tokeni nje, mmoja mmoja, tena kimya. Atakayesema neno hapo nje asirudi kwangu." Akasimama kati ya mabenchi na fundi mpaka wa mwisho alipotoka. Mimi nilibakia kwa kisingizio cha kupanga mabenchi, na mama mkaanga chapati hakutoka kwa sababu jiko lilikuwa lake.

Fundi alikuwa ameketi, kichwa kwenye magoti. "Mama," alimwambia mwenye banda, "wewe ile sizoni umeshaiona yote. Mwisho inakuwaje? Inspekta anakamatwa?"

"Sijaiona. Na hata ningekuwa nimeiona, yule mwisho wake umetungwa na watu wanaolipwa mshahara. Wewe unanitaka nikutungie wako?"

"Aliyegonga ni kaka yangu, mama. Alininunulia spana ya kwanza. Yuko Babati sasa hivi, ananipigia simu kila siku kuuliza kama kumetulia."

"Nimesikia ni kaka yako. Sijakwambia umkane."

Mama mkaanga chapati alikuwa ametupa kisogo, mabega yamesimama kama ubao. Niliogopa atageuka na kikaango cha mafuta ya moto. Ningekuwa yeye, wasomaji wangu, sijui kama nisingegeuka. Hakugeuka. Fundi akainuka, akasema, "Nisindikize sasa hivi, mama, kabla sijabadilika." Mwenye banda akavua aproni, akajitanda khanga, wakatoka kuelekea kituo cha polisi jua likiwa bado liko juu. Flashi ya ile sizoni aliichomoa, na hatukuiona tena.

Kijana wa bodaboda aliachiwa. Kaka mtu alifuatwa Babati akaletwa, na kwa kuwa alishakimbia mara moja, mahakama ikamnyima dhamana. Kesi bado inasikilizwa, kwa hiyo siongezi neno. Fundi alifanywa shahidi, lakini mambo yake yalikuwa magumu. Ukoo wa Kondoa ulimkatia simu, na kaka yake aligoma kuonana naye; chakula alichompelekea mahabusu kilirudishwa mlangoni. Nilimwuliza marehemu wakati mmoja kama ile sizoni aliiweka makusudi, kwa kumshuku fundi. Alikasirika kweli kweli. "Ningejua, nisingeiweka. Kumtega mtu na kumsikiliza ni vitu viwili." Tangu hapo akaanza kuchelewa kufungua banda. Tulikuwa tunasimama nje juani tunanung'unika, naye anakuja na kikapu kitupu, anasema ana mgonjwa wake mjini wa kumpelekea chakula. Mtu mbishi kama yule ukimwuliza zaidi, unaitafuta aibu. Chapati za mgonjwa alizikaanga mama wa kijana, akazifunga kwa kurasa za gazeti hili. Safu yangu imebeba mafuta mengi, nimeshazoea.

Tulimzika Ihumwa, vumbi likiwa juu, watu wengi kuliko nilivyotegemea kwa mtu aliyegombana na nusu ya mtaa. Baada ya makaburini tulikaa bandani, kwenye mabenchi yale yale, televisheni imefunikwa kitenge. Ndipo fundi akasimama. Hakuna aliyemwita. Alisema anasimama kwa sababu marehemu hakupenda mtu aseme akiwa amekaa. Alisema mgonjwa wa mjini hakuwepo. Kila Jumapili, marehemu alikuwa anakwenda gerezani, anapanga foleni na wenye ndugu zao, anampelekea chakula kaka yake yeye fundi, aliyekikataa cha ndugu wa damu akakubali cha mwanamke aliyesaidia kumpeleka pale. "Aliniambia tusiseme," fundi alisema. "Aliniambia, mimi ndiye niliyekusindikiza kituoni, siwezi kurudi nyumbani nikala kama vile safari imeisha."

Sidhani kama alifikiria alichokuwa anasema mpaka alipokwisha kukisema. Kila mtu mle ndani alifanya hesabu ile ile kwa wakati mmoja, na shingo zikageuka kuelekea mlangoni. Mama mkaanga chapati alikuwa amekaa kwenye kigoda chake. Kila Jumapili, kwa mikono yake, alikuwa amemkandia unga mtu aliyemwacha mwanawe asote ndani kwa kosa lisilo lake. Hakuna aliyemwambia. Mwanawe alikuwa karibu yake, akasimama, ngumi zimekunjwa, akamtazama mama yake kama anangoja amri. Fundi hakusogea. Alibaki amesimama palepale, mikono chini.

Mama mkaanga chapati akamshika mwanawe nguo, akamkalisha.

"Zilikuwa zinamfikia za moto?" aliuliza.

"Zilikuwa zimepoa, mama," fundi alisema. "Foleni ni ndefu. Lakini alikuwa anazimaliza."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyesikia habari ya chapati tu, si ya kitu kingine. "Jumapili pita mapema. Nitazifunga kwa kitambaa. Mwambie ni zangu, si zako." Halafu akafunika uso kwa khanga akalia, na ndipo sisi wengine tukapata ruhusa ya kulia.

Nimekuwa nikijiuliza tangu siku hiyo tunapoteza nini tunapomzika mtu wa namna ile. Mitaani na kwenye simu zetu hukumu sasa zinatoka haraka kuliko chai. Mtu hajamaliza kusoma habari ameshajua nani steringi na nani wa kuchomwa moto, kisha anageuka upande mwingine na kulala vizuri. Marehemu hakutukataza kuhukumu. Yeye mwenyewe alimsindikiza fundi hadi mlango wa polisi. Alichotufundisha ni kwamba ukishasema mtu afungwe, kazi yako ndiyo inaanza, na ukiona huwezi kumpelekea chakula, basi uwe mwangalifu sana kabla hujasimama. Jumapili hii banda halitafunguliwa. Nimeambiwa kikapu kitakwenda.